Mstari wa Makoo Makavu

Nzuguni, Jumapili, Desemba 8, 1912

Mvua ya kwanza ilinyesha jana alasiri, ikakata, ikarudi na hasira. Paa la tembe linavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya ngozi anayolalia Yudith. Nimetega chungu. Ngozi nimeiviringisha na kuiweka kichanjani, maana hakuna mtoto wa kuilalia.

Daftari hili ni la siku zangu za ualimu msaidizi kule misheni. Kazi ilikwenda na pombe, daftari likasahauliwa kwangu. Naandika kwa sababu mikono yangu ikikaa bure inatafuta kibuyu, na kalamu nayo ni kitu cha kushika.

Mambo yalivyo ni haya. Mwezi wa kumi nilitoa mtama wa mbegu, kikapu kizima, nikampa jirani yangu Ndahani aupeleke kwa mpika pombe. Nilikuwa nimelewa nilipoutoa, na pombe yake ilipoiva nikawa wa kwanza kuonja. Hana, mke wangu, hakupiga kelele. Alimfunga Yudith mgongoni, akachukua chungu kimoja, akaenda kwa baba yake kule Mkonze.

Mzee Matonya, baba mkwe, aliniita. Nikakaa mbali naye kama mkwe apasavyo, naye akasema huku akitazama ng'ombe wake.

"Usije ukaniambia umeacha pombe. Mtu asiyekunywa na wenzake ni mgonjwa, au ana lake moyoni. Mimi nataka ujue kunywa. Ukivuna nitakuja kwako na kibuyu kimoja. Nitakunywa nusu, nawe utakunywa nusu ya hiyo nusu, utakiweka chini, tutaongea mpaka jua litue. Ukiweza, mke wako huyo. Ukishindwa, Hana ataolewa kwingine, na mtoto atakulia hapa."

Njiani nilicheka. Mwanamume mzima kupimwa kwa mafunda matatu ya pombe.

Desemba 11

Nimepanda. Mbegu za kuomba, na aliyenipa alinitazama mno. Mkono unatetemeka, mbegu zinamwagika shimo moja nyingi, jingine hamna.

Desemba 14

Mvua. Nimelala.

Desemba 19

Ndahani amekuja, amesimama mlangoni akikung'uta matope, akinisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, bwana mwalimu." Bado ananiita mwalimu, na anajua kunaniuma wapi. "Kwa Mama Malogo wamechuja pombe. Twende, mvua hii hailimiki."

"Kichwa kinaniuma."

"Kichwa kinauma kwa kukosa. Twende tukitibu."

Hakuna neno la uongo alilosema. Nilimfukuza kwa ukali, kisha nikakaa nikijuta kwa nini nimemfukuza. Nilishika chungu cha mvua nikanywa maji mpaka tumbo likajaa kama ngoma.

Desemba 25

Sikukuu. Sikwenda kanisani, nisije nikatazamwa. Sikwenda kwa Ndahani pia. Nimechonga mpini wa jembe kutwa nzima, na sasa umekuwa mwembamba hata haufai.

Januari 4, 1913

Mtama umetoka. Magugu nayo yametoka, na yana haraka kuliko mtama.

Anayesoma haya akiwa wa pwani hatajua shida yangu, basi nimweleze. Huku kwetu palizi si kazi ya mtu mmoja. Unapika pombe, unatangaza siku, majirani wanakuja na majembe tangu alfajiri. Adhuhuri shamba limekwisha, na watu wanakaa kivulini kunywa. Bila pombe haji mtu, wala hupaswi kumlaumu. Ndivyo babu zetu walivyolimiana.

Nikipika, nitakunywa kabla ya wageni, na mpaka mavuno nitakuwa yule yule wa mwezi wa kumi. Nisipopika, magugu yatakula mtama, na baba mkwe atanikuta sina hata cha kupura. Nimepiga jembe peke yangu tangu asubuhi. Nikisimama kutazama nyuma, naona pa kulala ng'ombe mmoja.

Januari 9

Leo nimeaibika, bahati nzuri peke yangu. Nilikuwa shambani nikaona watu wanakuja kwa mstari kwenye njia ya ng'ombe, majembe begani. Hawaimbi. Hawana kibuyu hata kimoja. Wananyamaza kama waendao kuzika. Nikajua moja kwa moja: hawa wamekamatwa na askari wa boma, wanapelekwa kazi ya barabara ya Mdachi, na mimi nikionekana nitaunganishwa. Nikatupa jembe, nikaingia kwenye kichaka cha miiba.

Wakasimama kando ya shamba langu. Mwanamke mmoja akaita, "Hodi, Petro." Nikazuia pumzi. Wakangoja kidogo, wakaondoka. Bado natoa miiba mgongoni nisikofika.

Januari 13

Nilipeleka kuni za reli stesheni ya Dodoma. Karibu na pale yupo Bashiri, Mrangi wa Kondoa, mnunuzi wa ngozi, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alinijia nikiwa nafungua kamba za kuni, akatazama vidole vyangu vinavyocheza.

"Miiba imetoka?" akauliza.

Nilitaka kumpiga. Akacheka taratibu, hakuwa na ubaya.

"Walikuja kwa sababu mimi niliwaambia. Nilikuona juma lile ukishindwa kufunga fundo. Sisi ndio wanaotuita Makoo Makavu. Hujasikia?"

Nilisikia. Kilabuni tuliwacheka sana: watu wanaolimiana bila pombe.

"Wewe Mwislamu," nikamwambia. "Pombe unaijulia wapi?"

"Ndugu yangu, ngozi za watu zilioza dukani nikiwa nimelala mlangoni. Watoto wa Kondoa walinitungia wimbo." Akanisaidia kushusha kuni. "Hatuna nyumba ya mkutano. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tunaanza saa wanayochuja pombe, maana hiyo ndiyo saa koo linawasha. Ukitutafuta, tafuta shamba lenye watu na halina kelele."

Januari 16

Nimewapata. Lakini kwanza nilikosea. Shamba la kwanza lenye watu wasio na kelele lilikuwa na msiba, nikalazimika kukaa nao na kutoa pole kwa marehemu nisiyemjua jina. Niliondoka jua limeshapinda.

Nikawakuta upande wa reli, kwenye shamba la uwele. Watu sita wameinama kwa mstari mmoja. Na aliyeinua kichwa kunikaribisha alikuwa Dorkasi.

Ningegeuka. Dorkasi huyu, mjane, alikuwa akipika pombe kando ya njia ya misheni, na mkono uliokuwa ukinijazia kibuyu nilipotoka kufundisha ndio ule ule ulioshika jembe. Mimi nimetembea na koo linawaka ili nije kufundishwa na mpika pombe.

"Karibu, Petro. Jembe lako lina makali?"

"Ni butu."

"Litanolewa na udongo. Simama kando ya Bashiri. Anayesema, usimtazame. Akimaliza, usimjibu. Akisema 'nimesema,' wote tunapiga jembe, tunasonga."

Basi. Hakuna maombi, hakuna kiapo. Tukalima. Kitambo kizima ni majembe tu, nami nikaanza kuona nimedanganywa kuja kulima shamba la mtu. Halafu Bashiri akasema, kichwa chini, sauti yake ya kawaida kabisa, kwamba jana alimtuma mtu dukani akanunue mafuta, na mtu yule alipomrudishia pesa iliyobaki alikuwa ananuka pombe, na yeye Bashiri akamzuia kwa maneno ya bure ili aendelee kunusa. "Nimesema." Majembe yakapiga, tukasonga hatua.

Akafuata Dorkasi.

"Jana nilipita kwa shemeji, kimea cha pombe kimeanikwa juani. Nikasimama. Nikajiambia nimesimama kutoa mwiba. Nikakaa chini kabisa, nikashika mguu. Mguuni hamkuwa na mwiba. Nimesema."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinipata. Macho yangu yalikuwa kwenye magugu, na magugu yakawa maji. Mtu akiwa ameinama hakuna anayejua kama ni jasho.

Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mimi sina shida kubwa kama zenu. Nataka kujifunza kunywa nusu na kuacha. Nimesema." Wakapiga jembe kama walivyowapigia wengine.

Tulipokuwa tunanawa, Dorkasi akanijia. "Hiyo nusu unayoitafuta ipo, Petro. Wengine wanayo. Sisi hatukupewa."

Nikamwambia yeye ajisemee mwenyewe. Hivi sasa ninapoandika bado nina hasira. Mpika pombe.

Januari 24

Kwa Bashiri. Kesho tutalima kwa mzee wa ng'ambo ya reli, mwenzetu wa mstarini. Magugu ya kwangu yananyanyuka, nami nalima ya wengine.

Februari 4

Wamekuja kwangu. Walilima alasiri mbili, na leo natazama shamba langu lote jeusi, safi, mtama umesimama peke yake. Ndahani alikuja kusimama kando, mikono kiunoni.

"Hawakudai hata tone?"

"Hawakudai."

"Basi wamekula nini?"

"Ugali na mlenda."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ng'ombe ametaga yai.

Februari 12

Mvua imekatika.

Februari 17

Jua.

Februari 20

Jua. Majani ya mtama yanajikunja mchana. Mstarini hatuna cha kulima, udongo mgumu kama tofali, lakini Dorkasi anataka tukutane hata hivyo. Tukakwangua kwangua. Nimesema kwamba mvua isiponyesha, kiu yangu itanishinda, na sikuweza kueleza kwa nini vitu hivyo viwili viko pamoja. Hakuna aliyeniuliza.

Februari 27

Nimemwona Hana. Alikuwa mjini karibu na stesheni, Yudith mkononi, kitunga kichwani. Nilisahau yote niliyokuwa nimepanga kumwambia.

"Nasikia unalima na Dorkasi," alisema.

"Ndiyo."

"Watu wanasema mmeanzisha dini."

"Hatuna dini. Tuna majembe."

Zamani angecheka. Yudith alinitazama kutoka nyuma ya nguo ya mama yake, kama atazamavyo mbwa wa watu. Nikamnyooshea kidole ashike, hakushika.

"Baba ameshachagua kibuyu," Hana akasema. "Kile kikubwa cha shingo ndefu. Habadili neno, Petro, unamjua. Mimi mwenyewe sina la kusema mbele yake. Jiandae."

Alikwenda. Nimeambiwa nijiandae, na kila siku mstarini nafundishwa kutokunywa kabisa. Mtu aliyekatazwa mto atapimwaje kuogelea? Hao Makoo Makavu wanataka kunisaidia, lakini hawana mke kwa mzee Matonya.

Machi 6

Mvua imerudi! Nililala nikiisikiliza paani kama mtu anayeitwa jina lake. Asubuhi mtama umenyooka.

Machi 8

Ndahani ana palizi leo. Pombe iko tayari tangu jana, harufu inafika hapa kwangu.

Nimeamua. Mtihani hauendwi bila kujipima. Hata misheni walitufundisha hivyo. Nitakwenda nilime na watu, nitakunywa nusu tu, kibuyu nitakiweka chini, nitakaa mpaka jua litue. Nikiweza kwa Ndahani, nitaweza mbele ya baba mkwe. Mstarini sitasema. Hawataelewa.

Machi 9

Sijui nilifikaje nyumbani.

Machi 10

Nilikunywa tena.

Machi 12

Nitaandika polepole, mkono unacheza.

Jumamosi ile nusu ya kwanza niliinywa, nikakiweka kibuyu chini, nikajisikia mfalme. Nilimwambia Ndahani, unaona? Akasema ameona. Nikazungumza na watu, nikachekesha. Lakini nilikuwa nazungumza na watu huku nakizungumzia kibuyu moyoni. Nilijua kiko wapi bila kukitazama. Nikajiambia nimeshaweza, na aliyeweza mara moja anaweza mara mbili, kwa hiyo ninywe nusu nyingine ili niiache tena. Baada ya hapo nakumbuka matope, na nakumbuka Ndahani akinivuta mkono kunizuia, nami nikamtukana. Ndahani aliacha cha kwake kikiwa na nusu. Nilimwona. Nilimchukia kwa kile kibuyu chake alichokiacha, kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Leo ilikuwa zamu ya shamba langu, palizi ya pili. Nilisahau, au nilijifanya nimesahau. Nilikuwa nimelala ndani nikiwa na midomo iliyopasuka, mlango nimeupachika gogo. Alasiri nikasikia hatua, kisha Dorkasi akibisha hodi mara moja. Nikazuia pumzi, kama nilivyofanya kichakani. Hakubisha tena.

Nikasikia majembe.

Walikuwa wanalima shamba langu bila mimi, na shamba langu linaanzia ukutani. Walikuja wakisonga, wakakaribia, mpaka nikasikia pumzi zao. Nikangoja nitajwe. Nikatayarisha na majibu, ya matusi. Nikamsikia Bashiri akisema ya kwake, mambo ya ngozi na mteja. Nikamsikia mzee wa ng'ambo ya reli. Kisha Dorkasi, karibu kabisa, kama aliyekuwa anasema na udongo wa ukuta.

"Mimi nilipoanguka mara ya pili nilijifungia. Nilifikiri watu hawa watakuja kunicheka, nikaweka mtungi nyuma ya mlango ili wakiingia waukanyage. Mtungi wenyewe nilishausahau, nikaukanyaga mimi. Nina alama hapa kwenye kisigino. Nimesema."

Majembe yakapiga. Nikacheka. Nikiwa pale chini na aibu yangu yote, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, wakawa wanasikia.

Niliondoa gogo. Nilitoka nje nikiwa nanuka, na jua likanipiga usoni. Hakuna aliyeinua kichwa. Katikati ya mstari walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja, kati ya Dorkasi na Bashiri. Bashiri akasema, akiwa ameinama, "Aliyeanguka hulima katikati. Asiponyanyua jembe vizuri, sisi tunamziba huku na huku."

Nikaingia. Nililima vibaya, nikakata na mtama wenyewe. Nilisema nilichofanya, chote, na kwamba nilitaka kujipima. "Nimesema." Wakapiga jembe.

Machi 13

Dorkasi nilimwita mpika pombe humu mara mbili. Maneno hayo siyafuti, ila naandika kwamba nilikuwa mpumbavu.

Machi 25

Mvua nzuri.

Aprili 10

Mtama umetoa masuke. Ndege wameanza. Kutwa kupiga kelele juu ya kichanja na kurusha mawe ya teo. Sauti imekauka, sasa ninalo koo kavu kweli kweli.

Aprili 19

Ndahani amekuja kunisaidia kufukuza ndege, bila kuulizwa. Hakuleta kibuyu. Nilimwuliza kama amewaeleza watu wa Mkonze ya mwezi wa tatu.

"Ya nini?" akasema. "Nilikuona uso siku ile. Mimi nakunywa na watu wanaocheka."

Kwa hiyo Mkonze hakuna ajuaye. Baba mkwe akiuliza, naweza kukana. Nimelala na wazo hilo kama mtu aliyelala na nyoka kitandani, namsikia anavyohema.

Mei 3

Tunavuna. Masuke mazito. Nimefikiria mambo yote, kunywa na kutema, kumwaga pembeni, kujifanya mgonjwa. Kila nikifikiri mwisho, naona kile kibuyu cha shingo ndefu.

Mei 17

Uwanja wa kupuria nimeusiriba kwa udongo na samadi. Umekauka vizuri. Mjumbe ametoka Mkonze: baba mkwe anakuja keshokutwa.

Mei 19

Amekuja na wazee wawili, na Hana, na Yudith. Nilitandika ngozi za kukalia, nikaketi mbali. Hana alikaa kwenye ukuta, mtoto mapajani. Walitazama mtama wangu uliorundikwa uwanjani, na mzee mmoja akasema shamba hili limepaliliwa. Baba mkwe alitazama sana.

Kibuyu kikatolewa. Matonya akachukua pombe mdomoni, akaipuliza huku na huku kuwasalimu mababu waliolala, kama ilivyo desturi. Kisha akanywa nusu, akakiweka chini. Nikamwangalia. Alikiweka na hakukitazama tena, akaanza kuuliza habari za ndege. Hakuwa anajikaza. Kwake ilikuwa imekwisha. Ndipo nikaamini alichosema Dorkasi, kwamba ile nusu ipo, na wapo waliopewa.

"Haya, mkwe," akasema.

Mkono wangu ulikuwa umeshakishika kabla sijauambia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kilikuwa na uzito ninaoujua. Mate yalinijaa mdomoni. Nilisikia ndani yangu mtu akisema kwa upole kabisa, mafunda matatu tu, na mke wako yule pale ukutani, mtoto wako yule, ni nani atakayekulaumu. Hana alikuwa ananitazama. Alitaka ninywe au alitaka nisinywe, sikuweza kujua, na bado sijui.

"Baba mkwe," nikasema, "nikinywa hii, jua halijatua nitakuwa kwa Ndahani. Keshokutwa nitatoa mbegu. Mwezi wa tatu nilijaribu nusu ili nikuridhishe. Nilikunywa siku tatu."

Nikakiweka mbele yake. Kikamwagika kidogo kwenye udongo.

Wazee walitazama chini. Kukataa kibuyu alichokigusa mkwe wako kwa mdomo wake ni kumkataa yeye na waliomzaa, hilo kila mtoto wa huku analijua.

"Kumbe hujapona," akasema Matonya.

"Sijapona."

"Utapona lini?"

"Sijui kama mambo haya hupona, baba. Nikiwa na watu wangu, sinywi."

"Watu wako. Mpika pombe na mnunuzi wa ngozi."

"Ndio hao."

Hakupandisha sauti. Akakimaliza kibuyu mwenyewe, akafuta mdomo, akasimama, na niliona ameumia, mzee yule, kuliko alivyokasirika. "Neno langu lilikuwa moja. Hana, twende."

Hana akasimama. Yudith akauliza, "Ngozi yangu iko wapi?"

"Iko," mama yake akamjibu, akamfunga mgongoni.

Nikawatazama mpaka njia ya ng'ombe ikawameza.

Mei 20

Sikunywa. Sina lingine la kuandika. Ndahani alipita jioni na kibuyu, akaniona uso, akakihamishia mkono wa pili upande nisioona, akapita bila salamu. Mungu ambariki Ndahani.

Mei 21

Mstarini sikuweza kusema. Nilisema tu, "Nimesema." Wakapiga.

Mei 23

Leo tumepura. Kupura nako huku ni kazi ya pombe, na hakuna jirani aliyekuja isipokuwa wale wangu. Na kupura si kama kulima. Mnasimama safu mbili mkielekeana, fimbo zinapishana, mtu yuko usoni mwako. Dorkasi akasema, "Leo hakuna pa kuficha macho. Mtavumiliana."

Tulikuwa tumeanza, vumbi limeshapanda, nikaona mwanamke anakuja njia ya ng'ombe, mtoto mgongoni na fimbo ya kupuria mkononi. Fimbo zetu zikapoteza mwendo.

Hana aliwaamkia wote, "Shikamoo" kwa Dorkasi na kwa mzee wa ng'ambo ya reli. Kwangu alisema, "Nimekuja kupura. Sijarudi."

"Sawa," nikasema.

"Baba anajua niko hapa. Hakuniruhusu, wala hakunizuia. Alikuwa anatengeneza zizi, akaendelea."

Aliingia ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka bila mtoto. Dorkasi akasogea, Hana akasimama safu ya pili, mbele yangu kabisa. Dorkasi akamweleza masharti: hakuna kujibu.

Bashiri alisema ya kwake. Kisha zikawa fimbo tu, na Hana akaanza, akinitazama.

"Mimi sijawahi kunywa. Lakini nilikuwa namlaza mtoto mapema asimwone baba yake akiingia. Nilijua hatua zake, za siku mbaya na za siku mbaya sana. Nimemwogopa, nimemchukia, nimemwombea mabaya. Na siku ile ya mbegu, ghala nililifungua mimi. Yeye alishindwa kufungua fundo la kamba, mikono ilikuwa inacheza, akaniomba. Nilichoka kukataa. Nikamfungulia, nikaenda kukaa nje. Hilo sikumwambia baba yangu. Nimekaa nalo masika yote, watu wakinihurumia. Nimesema."

Fimbo zikashuka pamoja. Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake, nilitaka nipige magoti, nilitaka na kumwuliza kwa nini hakuniambia. Nilipiga fimbo, nikasonga hatua, kama wote.

Zamu yangu nilisema, "Jumatatu nilishika kibuyu na mkono haukutaka kukiachia. Bado nakisikia uzito wake. Nimesema." Hana alipiga fimbo pamoja na wengine. Alipiga kwa nguvu, punje zikaruka mpaka kwenye nywele zake, hakuzipangusa.

Tulipepeta mpaka jua likaanza kushuka. Aliingia ndani, akatoka na Yudith amelala begani, akamfunga mgongoni polepole asiamke. Akamgeukia Dorkasi.

"Kesho ni kwa nani?"

"Kwa Bashiri. Njoo na fimbo yako, zake zimevunjika."

"Haya," akasema Hana, akaenda zake.

Nimeingia ndani sasa hivi. Ile ngozi ameishusha kichanjani, akaitandika mahali pake, na katikati ina alama ya mtoto aliyelala. Sitaiviringisha.